Hita za maji nyumba za wageni: breka inajikata, maji hayapati moto, taa zinafifia

Wageni wanarudi ufukweni magharibi, na vyumba vyote vinaingia kuoga ndani ya nusu saa. Malalamiko yanayofuata hayatofautiani sana, iwe Paje, Nungwi, Mji Mkongwe au Chake Chake: maji vuguvugu, breka imeanguka, taa zimepungua mwanga, swichi inanuka. Kipupwe kikiingia mwezi wa sita, malalamiko huongezeka, kwa sababu hata mgeni aliyekuwa haoni tabu kuoga maji ya kawaida anataka ya moto.

Mara nyingi hita iliyotuhumiwa ni nzima. Kilichokosewa ni hesabu: njia ya umeme imebebeshwa zaidi ya ilichotandikiwa. Kubadilisha hita kabla ya kupiga hesabu ni kutupa pesa, na mara nyingine mpya inakuwa na wati nyingi kuliko ya zamani, kwa hiyo tatizo linakua.

Kabla ya kushika bisibisi, jumlisha

Soma bamba la kila hita na uandike wati zake. Gawa kwa 230 upate ampea. Hita ya wati 3,500 inavuta ampea 15. Ya wati 4,500 inakaribia 20. Ya wati 6,000 inavuta 26. Tazama pia volti zilizoandikwa: zipo shawa za umeme zilizopimwa kwa volti 220. Ile ya wati 5,500 kwa volti 220 haivuti ampea 25 unapoifunga kwenye volti 240. Inavuta zaidi ya 27 na kufanya kazi kama hita ya wati 6,500. Watu wengi huchagua waya na breka kwa kusoma wati peke yake, wakaishia kushangaa.

Sasa tazama mita. Ikiandikwa 5(60)A, kiwango chake cha juu ni ampea 60, yaani kilowati 13.8 hivi kwa volti 230. Chukua nyumba ya vyumba sita. Viyoyozi sita vya BTU 12,000, kila kimoja kilowati 1.1, ni 6.6. Friji 0.3, pampu ya maji 0.75, taa na feni 0.5, birika la umeme 2, pasi 1.2. Vikiwaka vyote pamoja ni kilowati 11.35. Kilichobaki ni 2.45. Hakitoshi hata hita moja ya 4.5, na nyumba imefungwa sita! Hita hizo sita peke yake ni kilowati 27, ampea 117.

Uingereza, treni zilipopashwa joto kwa umeme wa injini, kila behewa lilipewa namba ya mahitaji yake, namba 1 ikiwa kilowati 5, na injini nayo ikapewa namba ya uwezo wake. Mpangaji wa treni alijumlisha namba za mabehewa, na jumla haikuruhusiwa kupita namba ya injini. Reli yetu ya Bububu hapa Unguja, ya mwaka 1905, ilikuwa ya mvuke na abiria wake hawakuwa na haja ya kupashwa joto, lakini utaratibu ule unafaa kabisa nyumba ya wageni. Andika kilowati za kila chumba kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa boksi la breka, na asifunge mtu kitu kipya bila kuisoma.

Breka ya hita inajikata baada ya dakika kadhaa

Breka inayokaa dakika tano au kumi ndipo inaanguka imeanguka kwa joto, si kwa shoti. Hii ni taarifa nzuri, maana inakupunguzia nusu ya kazi ya kutafuta.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kwamba breka na hita havilingani, au hita mbili zimewekwa njia moja. Zima breka moja kisha jaribu hita za vyumba vya jirani. Zikizimika mbili kwa breka moja, umepata jibu. Kila hita ya papo kwa papo, ile isiyo na tangi inayopasha maji yanapopita, inataka njia yake kutoka kwenye boksi: waya wa milimita 4 za mraba na breka ya ampea 25 kwa hita ya kilowati 4.5, waya wa milimita 6 na breka ya 32 kwa ya kilowati 5.5 au 6. Waya wa 2.5 uachie hita ya kilowati 3.5 kwa breka ya 20, na usiwe mrefu, wala usipite pamoja na nyaya nyingine zenye joto.

Sababu ya pili ni skrubu iliyolegea ndani ya breka. Breka hupima joto, na haijui kama joto limetoka kwenye mzigo au kwenye skrubu yake yenyewe. Zima meni swichi, hakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, kisha kaza. Waya uliogeuka rangi au ganda lililoyeyuka karibu na skrubu ukatwe hadi sehemu safi, na breka ibadilishwe. Kukaza peke yake hakutoshi, kwa sababu chuma kilichokwisha kuungua hakishiki vizuri tena.

Ya tatu ni mahali lilipo boksi. Breka za nyumbani hupimwa kiwandani kwa nyuzi 30. Boksi likiwa chini ya bati, au ukutani panapopigwa na jua la alasiri, breka zilizobanana huanguka mapema. Acha nafasi kati ya breka za hita, au zipange kwa kupishana na za taa.

Breka iliyochakaa ni ya mwisho katika orodha, ingawa ndiyo inayolaumiwa kwanza. Ushahidi ni klampu mita: izungushe kwenye waya wa moto peke yake, washa hita, soma. Ikisoma ampea 19 na breka ya 25 bado inaanguka baada ya kukazwa, hapo ibadilishe.

Onyo: usiweke breka kubwa zaidi ili "isisumbue". Breka inalinda waya, si hita. Breka ya 40 juu ya waya wa 2.5 maana yake waya ndio utakaoungua, ndani ya ukuta, au darini kwenye boriti.

Breka au ELCB inaanguka papo hapo

Tofautisha kwanza ni ipi. Breka ndogo ya hita ikianguka sekunde ile ile, kuna shoti kati ya waya wa moto na nyutro (waya wa kurudi), au na ethi (waya wa ardhini). Usiirudishe zaidi ya mara moja. ELCB, ile pana yenye kitufe cha T, ikianguka, kuna umeme unaovuja kwenda ardhini. Ya kulinda watu ni ya miliampea 30, na kwa kawaida huanguka popote kati ya 15 na 30.

Tafuta kwa kuondoa. Teremsha breka zote ndogo, pandisha ELCB, kisha pandisha breka moja moja. Inayoiangusha ndiyo yenye njia mbovu. Lakini kuna mtego hapa unaowapotezea muda hata mafundi: breka ndogo za nguzo moja hukata waya wa moto tu. Nyutro inabaki imeungwa. Kwa hiyo nyutro ikigusa ethi ndani ya hita, ELCB inaweza kuanguka ingawa breka ya hita hiyo iko chini. Ukikuta ELCB haikubali kupanda na breka zote ziko chini, zima swichi za nguzo mbili za hita zote, zile zinazokata nyaya mbili kwa pamoja, kisha ujaribu tena. Bado? Nyutro zitolewe moja moja kwenye ubao wake, meni ikiwa imezimwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Koili iliyopasuka ndiyo mkosaji wa kawaida, hasa kwenye matangi ya maji ya moto. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na ukoko ukijenga juu ya koili joto halitoki. Ganda la koili linapasuka, maji yanaingia. Zima, toa nyaya zote mbili za koili, pima kwa mita. Koili ya kilowati 1.5 isome karibu ohm 35, ya kilowati 2 karibu 26, ya 3.5 karibu 15, ya 4.5 karibu 12. Hiyo inakuonesha kwamba koili haijakatika, lakini haioneshi kama inavuja. Uvujaji hupimwa kwa mega ya volti 500 kati ya ncha ya koili na mwili wa hita. Chini ya megaohm 1, koili hiyo haifai kurudishwa kazini.

Kisha kuna unyevu. Kuta za chokaa za Mji Mkongwe hunywa maji na kushika chumvi, na boksi la maungio lililofukiwa humo huota kutu ya kijani. Fungua kifuniko. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye maungio, kata, safisha, unga upya ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia maji, na ulitoe nje ya ukuta wenye unyevu.

Shawa za bei nafuu zenye koili tupu ndani ya maji zina kasoro yao. Kwa maji ya mvua au ya bomba safi hufanya kazi. Kwa maji ya kisima cha pwani yaliyoingia chumvi, umeme hupita kwenye maji yenyewe na ELCB haitulii. Hakuna dawa ya kutengeneza hapo. Badilisha uweke hita yenye koili iliyofunikwa. Wapo wanaoamua kuiruka ELCB ili shawa ifanye kazi. Huko ni kumkabidhi mgeni waya mkononi.

Simama na uite fundi mwenye leseni ikiwa ELCB inaanguka na hujapata njia mbovu, au ikiwa kitufe cha T hakiiangushi. Upepo wa bahari hugandisha mitambo yake ya ndani. Kitufe hicho kibonyezwe kila mwezi, na ELCB isiyoitika ni pambo tu.

Maji yanakuwa vuguvugu jioni, asubuhi ni moto vizuri

Hili linasumbua kuliko yote kwa sababu hakuna kilichoharibika. Unguja inapata umeme kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutoka Tanga, na jioni ndipo kila nyumba inapowasha. Aliye mwisho wa laini ya kijiji anapata volti pungufu. Hita ni mwathirika wa kwanza, maana nguvu yake hupungua kwa mraba wa volti. Hita ya kilowati 4.5 kwa 230 inatoa 3.4 kwa volti 200, na kama 3.1 kwa 190. Volti zimeshuka kwa asilimia 17, joto limeshuka kwa zaidi ya asilimia 30.

Angalia jambo la kinyume pia: kiyoyozi cha kawaida volti zikishuka huvuta ampea zaidi, si pungufu. Kwa hiyo jioni viyoyozi vinalemea laini, volti zinashuka, hita zinapoa, mgeni anaacha maji muda mrefu zaidi, na mzigo unadumu.

Kabla ya kulaumu volti, pima maji. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa na uangalie saa. Kilowati 3.5 inaweza kupandisha lita 5 kwa dakika kwa nyuzi 10. Maji yetu yakiwa nyuzi 27 kwenye tangi, utapata 37, ambayo ni sawa kwa kuoga. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, unapitisha lita 10 kwa dakika na joto litapanda nyuzi 5 tu. Punguza kwa valvu ndogo iliyo kabla ya hita, au weka kichwa cha shawa chenye matundu madogo. Malalamiko mengi ya vuguvugu huishia kwenye valvu hiyo.

Maji yakiwa sawa, pima volti katika sehemu tatu, saa 1 usiku, wakati hita inafanya kazi: kwenye boksi la breka, kwenye swichi ya hita, na tena kwenye boksi hita zote zikiwa zimezimwa.

Tofauti kati ya boksi na swichi ni hasara ya waya wako. Waya wa 2.5 hupoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Wa 4 hupoteza 11. Wa 6 hupoteza 7.3, wa 10 hupoteza 4.4. Hita ya ampea 20 iliyo mita 25 kwa waya wa 2.5 inapoteza volti 9. Kwa waya wa 6 inapoteza 3.7.

Boksi likisoma chini ya 207 hata hita zikiwa zimezimwa, tatizo liko nje ya nyumba. Andika vipimo vya jioni kadhaa pamoja na saa zake, upeleke ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Malalamiko yenye namba husikilizwa haraka kuliko "umeme mdogo".

Boksi likisoma vizuri hita zikiwa zimezimwa kisha likaporomoka zikiwashwa, soma sehemu inayofuata kwa makini.

Tiba ya kudumu ni kuacha kupasha maji saa ile ambayo kila mtu anapasha. Tangi la lita 50 lenye koili ya kilowati 1.5 linatoka nyuzi 27 hadi 60 kwa uniti 1.9 na saa moja na robo hivi. Mtu anayeoga dakika 8 kwa lita 5 kwa dakika anatumia lita 40 za nyuzi 38, lakini katika hizo ni lita 13 au 14 tu zinazotoka kwenye tangi. Nyingine ni maji ya kawaida ya kuchanganyia. Tangi moja linatosha watu watatu. Weka saa ya kuwashia: vyumba vitatu saa 8 mchana hadi saa 9 na nusu, vitatu vingine saa 9 na nusu hadi saa 11, na magharibi yote yamezimwa. Mzigo wa juu unakuwa kilowati 4.5 badala ya 27. Usishushe themostati chini ya nyuzi 55 ili kubana uniti, maana bakteria huzaliana kwenye maji vuguvugu yaliyosimama. 60 ndiyo mahali pake.

Asiyetaka kubadilisha hita anaweza kufungiwa kontakta chumbani inayozima kiyoyozi wakati hita inafanya kazi. Mgeni aliye bafuni hatambui dakika kumi bila kiyoyozi. Na kwa aliye na paa wazi, hita ya jua ndiyo jibu, koili yake ya umeme ikiachwa kwa siku za masika tu.

Taa za nyumba nzima zinafifia, au baadhi zinang'aa kupita kiasi

Kufifia kidogo hita inapowashwa ni kawaida. Kufifia sana ni muungio mbovu, mara nyingi kati ya nguzo na meni swichi.

Hesabu yake ni rahisi. Pima volti kwenye boksi bila hita: tuseme 228. Washa hita moja ya ampea 20: 212. Umepoteza 16. Waya mzuri wa milimita 10 wenye urefu wa mita 40 hupoteza volti 3.5 tu kwa ampea hizo. Zile 12 na nusu nyingine zimekwenda wapi? Zimekaa kwenye muungio mmoja, na volti 12.5 kwa ampea 20 ni wati 250. Ni joto la pasi ndogo ndani ya skrubu moja. Huko ndiko moto wa nyumba unakoanzia.

Kwetu chanzo kikubwa ni aluminiamu ya waya wa nguzo kuungwa moja kwa moja na shaba ya nyumba. Chumvi ya upepo ikiingia kati ya metali hizo mbili, muungio unaliwa. Kunatakiwa kiungio maalumu cha metali mbili chenye grisi, si kusokota na kuzungushia tepu. Kazi hiyo iko upande wa nguzo na mita: usivunje lakiri, piga simu kwa ZECO.

Hatari zaidi ni pale taa za upande mmoja zinapofifia na za upande wa pili zinang'aa kama zinataka kupasuka. Nyumba yenye fezi tatu ikipoteza nyutro, volti za kila fezi hugawika kulingana na mzigo, na chumba chenye mzigo mdogo kinaweza kupata zaidi ya 300. Friji, televisheni na chaja huungua kwa dakika. Zima meni swichi papo hapo. Usipime, usijaribu, usisubiri uone kama itarudi. Ni ya mtaalamu tangu dakika ya kwanza.

Swichi ya hita inanuka, au ni ya moto ukiigusa

Zima kwenye breka, si kwenye swichi yenyewe. Swichi ya taa ya ampea 10, au soketi ya ampea 13, haitakiwi kulisha hita ya papo kwa papo hata siku moja. Ikikutwa, sababu umeipata. Tumia swichi ya nguzo mbili ya ampea 32 au 45, iliyofungwa nje ya bafu. Kama swichi ni sahihi, basi ni skrubu zilizolegea au waya wa nyuzi nyingi uliobanwa bila kikonyo cha chuma cha kushika nyuzi pamoja. Swichi iliyoyeyuka haisafishwi, inatupwa.

Maji baridi kabisa

Taa ya hita haiwaki: angalia breka, ELCB, swichi, kwa mpangilio huo. Zote zikiwa juu, huenda kinga ya joto la ndani imeruka. Hita nyingi zina kitufe kidogo chini ya kifuniko. Kibonyeze mara moja, umeme ukiwa umezimwa. Kikiruka tena, hita imepata joto bila maji ya kutosha au themostati imekwama, usiizoee kuibonyeza.

Taa inawaka lakini maji ni baridi: hapa karibu kila mara ni presha. Hita ya papo kwa papo ina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo swichi ya ndani inafunga. Tangi la darini lililo mita 1 juu ya shawa linatoa bar 0.1 tu. Soma bamba linataka ngapi. Inua tangi kwa jukwaa hadi mita 2 au zaidi, au weka pampu ndogo ya kuongeza presha. Kabla ya hayo yote, fungua chujio kwenye mlango wa maji. Mchanga na vipande vya ukoko hukaa hapo. Matundu ya kichwa cha shawa yalowekwe kwenye siki usiku mmoja. Kiwambo kilichokauka na kupasuka kinauzwa peke yake kwa aina nyingi za hita, hakuna haja ya kununua hita nzima.

Tangi likidondosha matone kwenye valvu ya usalama wakati linapasha, liache. Maji yanayopata moto yanatanuka na yanahitaji pa kutokea. Wapo wanaoiziba valvu hiyo kwa tepu ili bafu lisilowe. Tangi lisilo na valvu, themostati yake ikikwama, linapasuka.

Mtu anahisi kurushwa akishika bomba au akisimama chini ya maji

Zima meni. Hakuna anayeoga tena humo mpaka fundi mwenye leseni amepima. Hata msisimko mdogo tu hauzoeleki.

Fundi atatafuta mambo mawili, na lazima yawepo yote mawili ndipo mtu arushwe: hita inavuja, na kinga haikufanya kazi. Ama hakuna ELCB, ama imekufa, ama imerukwa. Waya wa ethi huenda umekatwa kwenye hita, au unaishia ukutani bila kufika popote. Nondo ya ethi nayo ina matatizo yake katika ardhi ya matumbawe: inagonga mwamba kwa nusu mita, fundi anaikata na kuifukia. Mwezi wa pili, ardhi ikiwa kavu, ni kama haipo. Zipigwe mbili au tatu, zilizoachana kwa urefu wa nondo moja au zaidi, zikiunganishwa, mahali panapopata maji. Ethi ya nyumba yenye ELCB ya miliampea 30 haifai kuzidi ohm 200, na fundi mzuri hatosheki mpaka iwe makumi tu. Bomba la maji siku hizi ni plastiki, halifai kuwa ethi.

Usikubali fundi anayeunga ethi na nyutro kwenye hita ili "kumaliza" tatizo. Siku nyutro itakapokatika, mwili wa hita wote utakuwa na umeme.

Tukuza (mita ya kulipia kabla) inakata ingawa uniti zipo, au uniti zinaisha mbio

Mita nyingi za kulipia kabla hujikata zenyewe zikizidiwa, kisha hurudi baada ya muda. Rudi kwenye karatasi ya jumla. Kama hesabu halali inapita ampea 60, omba fezi tatu. Usimwite mtu wa kuichezea mita.

Uniti zinazoisha mbio kwa kawaida ni tangi lililoachwa likiwaka mchana kutwa katika chumba kisicho na mgeni. Zima la kila chumba kitupu, linganisha wiki mbili. Koili yenye ukoko haili uniti nyingi zaidi kama inavyosemwa. Inachelewa tu, kisha inaungua. Fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi iangaliwe kila mwaka, na kwa maji ya chumvi kila miezi sita. Ikiisha, maji yanaanza kula tangi lenyewe.

Jenereta linanguruma kisha linazima

Jenereta la petroli lililoandikwa kVA 5 mara nyingi ni la kilowati 4 za kudumu. Hita moja ya 4.5 inalizima. Njia za hita zisipite kwenye upande wa jenereta wa swichi ya kubadilishia. Ziache upande wa ZECO peke yake, hata mfanyakazi mpya akisahau, haziwezi kuwaka.

Jambo jingine la jenereta ambalo wengi hawalijui: majenereta mengi madogo nyutro yake haijaungwa na ethi. Katika hali hiyo ELCB ya nyumba haitaanguka hata hita ikivuja. Fundi aunge nyutro ya jenereta na nondo ya ethi upande wa jenereta, kabla ya swichi ya kubadilishia, na swichi hiyo ikate nguzo zote pamoja na nyutro, la sivyo umeme wa jenereta utarudi kwenye laini ya mtaa na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo.